Majeraha ya neva katika kuvunjika kwa kombe la bega

Majeraha ya neva katika kuvunjika kwa kombe la bega ni uharibifu wa neva (mishipa ya fahamu) za bega na mkono unaotokea pamoja na kuvunjika kwa mfupa bapa ulio nyuma ya bega. Mfupa huo huitwa kombe la bega, kombe la mkono au skapula. Huvunjika mara chache: huhesabiwa kuwa chini ya asilimia 1 ya mivunjiko yote ya mifupa ya mwili, na takriban asilimia 3 hadi 5 ya mivunjiko ya eneo la bega. Lakini ukivunjika, ni alama kwamba mwili umepigwa kwa nguvu kubwa, na kwa kawaida kuna jeraha lingine karibu: mbavu, pafu, mtulinga, kichwa au neva.

Kati ya majeraha hayo, lile la neva ndilo rahisi zaidi kusahaulika. Halionekani katika picha ya eksirei, na mkono uliofungwa kanga shingoni hauonyeshi kama umepooza au umepumzishwa tu. Mfupa wenyewe kwa kawaida huunga bila upasuaji baada ya wiki 6 hadi 8. Kama mtu atarudi kazini au atabaki na mkono usioinuka, hilo hutegemea zaidi hali ya neva, na kwa baadhi ya wagonjwa neva ina muda maalumu wa kutibiwa ambao ukipita haurudi.

## Sababu

Kombe la bega limefunikwa na misuli minene mbele na nyuma, tena huteleza juu ya mbavu badala ya kushikiliwa imara kama mifupa mingine. Ndiyo maana kujikwaa na kuanguka nyumbani hakulivunji kwa urahisi. Linahitaji kugongwa na gari, kurushwa kutoka kwenye pikipiki, kuanguka kutoka juu au kuangukiwa na kitu kizito.

Katika Dar es Salaam sababu inayotajwa kwanza ni pikipiki. Usafirishaji wa abiria kwa bodaboda uliwekewa utaratibu wa leseni kwa kanuni za mwaka 2010, na katika pembezoni mwa jiji ndio usafiri unaounganisha mitaa isiyofikiwa na daladala na barabara kuu. Upande wa Kinondoni ni maeneo kama Tegeta, Boko na Bunju kwenye Barabara ya Bagamoyo. Upande wa Temeke ni Mbagala, Chamazi na Yombo, ambako pikipiki hugawana njia na mabasi ya Barabara ya Kilwa na malori ya bandarini katika Barabara ya Mandela. Sababu nyingine ni kuanguka kutoka kwenye majukwaa ya ujenzi na, kama ilivyo pwani yote, kutoka juu ya mnazi au mwembe.

Namna mtu anavyoanguka hueleza ni neva zipi zitakazoumia. Dereva au abiria anayerushwa hutanguliza bega chini huku kichwa kikisukumwa upande wa pili. Nafasi kati ya shingo na bega hupanuliwa ghafla, na neva zinazopita hapo huvutwa kama kamba. Kwa hiyo, ingawa watu wengi hudhani ncha ya mfupa uliovunjika ndiyo iliyokata neva, mara nyingi zaidi ni nguvu ileile moja iliyovunja kombe na kuvuta neva kwa wakati mmoja. Mkwezi anayeteleza na kushika tawi kwa mkono mmoja hupata jambo la kinyume: mkono huvutwa juu kupita kiasi, na neva za chini, zile zinazoendesha vidole, ndizo zinazoumia zaidi.

Kofia ngumu hulinda kichwa, nayo ni lazima ivaliwe. Lakini haikingi bega wala neva za shingo. Abiria aliyevaa kofia na kutoka akiwa na fahamu zake zote bado anapaswa kuchunguzwa mkono.

## Neva zinazohusika

Neva zote za mkono hutoka katika ugwe mgongo kupitia pingili za shingo. Mizizi mitano, yaani ya neva za shingo ya 5 hadi ya 8 na ile ya kwanza ya kifua, huungana na kugawanyika tena nyuma ya mtulinga na kuwa mtandao uitwao *pleksasi ya brakia*. Mtandao huo hupita mbele ya kombe, chini ya kichomozo chake kiitwacho korakoidi, kuelekea kwapani. Tafiti mbalimbali zimetaja majeraha ya pleksasi kwa kati ya asilimia 5 na 13 ya watu waliovunjika kombe la bega.

Neva iliyo karibu zaidi na mfupa wenyewe ni neva ya suprasikapula. Hutoka sehemu ya juu ya pleksasi, hupenya katika pengo dogo kwenye ukingo wa juu wa kombe chini ya kano, kisha huzunguka shingo ya kombe kwenda nyuma. Huendesha misuli miwili: mmoja huanzisha mwendo wa kuinua mkono kando, mwingine huuzungusha mkono kuelekea nje. Mvunjiko unaopita katika pengo hilo au katika shingo ya kombe unaweza kuibana, kuivuta au kuikata. Neva hii haina eneo la ngozi linaloweza kupimwa kwa kugusa, hivyo mgonjwa hasikii ganzi popote. Analalamika maumivu ya nyuma ya bega na udhaifu, yaani mambo yaleyale ambayo kila aliyevunjika bega hulalamika. Baada ya wiki kadhaa nyama iliyo juu na chini ya mgongo wa kombe hupungua na kuacha mashimo mawili, na hapo ndipo wengi hugunduliwa.

Neva ya kwapa huzunguka nyuma ya shingo ya mfupa wa mkono wa juu na kuendesha msuli wa deltoidi, ule unaolipa bega umbo lake la mviringo. Huumia zaidi pale mvunjiko unapogusa shingo ya kombe au bakuli la kiungo (glenoidi), au bega linapoteguka pamoja na mvunjiko. Dalili yake ya kawaida ni ganzi katika ngozi ya upande wa nje wa bega, mahali ambapo askari hushonewa beji. Hata hivyo ngozi hiyo inaweza kuwa na hisia kamili ilhali msuli umepooza, kwa hiyo kugusa ngozi peke yake hakutoshi.

Neva mbili nyingine hujulikana kwa jinsi zinavyolipindua kombe. *Neva ndefu ya kifua* huendesha msuli unaolikandamiza kombe kwenye mbavu. Ikiumia, kombe hunyanyuka mgongoni kama bawa mgonjwa anaposukuma ukuta. *Neva ya ziada*, ambayo ni ya 11 kati ya neva zinazotoka moja kwa moja katika ubongo, huendesha msuli mpana wa shingo na mgongo wa juu. Ikiumia, bega zima hulegea na kushuka.

Hali mbaya kuliko zote ni kombe kung'oka kutoka ukuta wa kifua. Ngozi hubaki nzima, lakini ndani misuli, mishipa ya damu na neva zimechanika, na mkono unashikiliwa na nyama tu. Karibu wagonjwa wote wa aina hii wana jeraha la neva, wengi la pleksasi nzima. Dalili za kushuku ni uvimbe mkubwa unaoongezeka juu ya bega, mkono uliolala kabisa na mapigo dhaifu au yasiyopatikana kwenye kifundo cha mkono. Katika eksirei ya kifua kombe la upande ulioumia huonekana mbali na uti wa mgongo kuliko la upande wa pili. Hapa suala la kwanza ni kuokoa maisha, kwa kuwa ateri kubwa ya mkono inaweza kuwa imekatika.

## Viwango vya jeraha

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika aina tatu, na mgawanyo wake bado hutumika. Katika aina ya kwanza neva imeshtuka tu: haipitishi ujumbe lakini haijakatika, na hupona yenyewe ndani ya siku au wiki chache. Katika aina ya pili nyuzi za ndani zimekatika lakini ala yake imebaki. Nyuzi huota upya ndani ya ala hiyo. Katika aina ya tatu neva yote imekatika, na bila upasuaji haiungi.

Katika pleksasi kuna hali ya nne, ambayo ni mzizi kung'olewa kutoka katika ugwe mgongo. Mzizi uliong'oka hauwezi kushonwa mahali pake kwa matibabu ya kawaida. Kope iliyolegea na mboni iliyosinyaa katika jicho la upande ulioumia ni ishara ya kuhofia kwamba mizizi ya chini imeng'oka. Ni ishara ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kuiona bila kifaa chochote.

Nyuzi za neva huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Msuli usiopata neva huanza kudhoofika na, baada ya kati ya miezi 12 na 18, hupoteza uwezo wa kuipokea tena. Kutoka kwenye pengo la kombe hadi misuli inayoendeshwa na neva ya suprasikapula ni sentimita chache, hivyo miezi michache yatosha. Kutoka shingoni hadi misuli midogo ya kiganja ni zaidi ya sentimita 60, safari ya karibu miaka miwili. Ndiyo maana mtu mzima aliyeumia pleksasi anaweza kupata tena kiwiko chake lakini si vidole, na ndiyo maana mwezi unaopotea kabla ya rufaa si mwezi mdogo.

## Uchunguzi

Siku ya kwanza mgonjwa ana maumivu makali na hawezi kuinua bega, awe na jeraha la neva au asiwe nalo. Wahudumu wengi huishia hapo. Lakini neva zinaweza kupimwa bila kusogeza bega: mgonjwa aombwe kukunja kiwiko, kunyoosha kifundo cha mkono na kidole gumba, kutanua vidole, na kukaza deltoidi huku mkono ukiwa umetulia kifuani na daktari ameweka kidole juu ya msuli. Kisha hisia za ngozi hulinganishwa na mkono wa pili, na mapigo ya damu hupimwa. Mapigo yakiwepo si uthibitisho kwamba ateri ni nzima, kwa sababu damu inaweza kupita njia za pembeni.

Kazi hiyo huchukua dakika kama tano. Thamani yake kubwa ni kuandikwa kwenye faili: bila kumbukumbu ya siku ya kwanza, hakuna anayeweza kusema baadaye kama udhaifu ulikuwepo tangu ajali au ulitokea baada ya kufungwa au kupasuliwa.

Eksirei huonyesha mvunjiko, ingawa mbavu huuficha. CT-skani huonyesha vizuri zaidi umbo lake na kama umefika katika bakuli la kiungo. Kipimo cha umeme wa neva na misuli (EMG) hakina maana kubwa kabla ya wiki 3 au 4, kwa kuwa neva iliyokatika huendelea kuonyesha uhai kwa muda chini ya mahali ilipokatika. MRI ya shingo husaidia kutambua mizizi iliyong'oka.

## Njia ya mgonjwa jijini Dar es Salaam

Majeruhi wa Kinondoni kwa kawaida hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na wa Temeke katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, wengine wakipitia kwanza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Majeraha makubwa ya mifupa na neva hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyopo Upanga, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 na hutibu mifupa, ubongo na neva. Kutoka Bunju hadi hapo ni takriban kilomita 30 za foleni.

Mgonjwa aliye katika hatari ya kupotea njiani si yule aliyeumia vibaya sana. Huyo hupelekwa Muhimbili usiku huohuo. Ni yule ambaye mvunjiko wake "hauhitaji upasuaji": anapewa dawa za maumivu, mkono unafungwa, anaambiwa arudi baada ya wiki sita. Akirudi, picha inaonyesha mfupa umeunga, naye anaruhusiwa. Kama mkono bado hauinuki, huambiwa afanye mazoezi. Miezi inapita kati ya mazoezi, kuchuliwa na kutafuta nauli. Kanuni rahisi ingeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo: kila aliyevunjika kombe la bega apimwe neva tena wiki ya 3 na wiki ya 6, na misuli isiyoonyesha dalili ya kurudi hadi mwezi wa 3 iwe sababu ya rufaa, hata kama picha ya mfupa ni nzuri.

Tiba za nyumbani nazo zina nafasi yake. Kukanda kwa maji ya moto ni desturi ya karibu kila nyumba, na kwa bega lenye hisia kamili hupunguza kukakamaa. Ngozi iliyokufa ganzi haimwambii mwenyewe kwamba maji yamezidi moto. Kuungua kwa namna hiyo hupona polepole. Kuchuliwa kwa nguvu katika wiki za kwanza kunaweza kusogeza vipande vya mfupa. Kuvuta mkono uliopooza ili "kuurudisha" ni hatari zaidi, kwa kuwa huongeza mvuto juu ya neva ambazo tayari zimevutwa.

## Matibabu

Zaidi ya asilimia 90 ya mivunjiko ya kombe hutibiwa bila upasuaji: mkono hupumzishwa kwa kuning'inizwa kwa wiki 2 au 3, kisha huanza kusogezwa taratibu. Upasuaji hufikiriwa pale bakuli la kiungo limevunjika na kuachana, shingo ya kombe imepinda sana, au mtulinga nao umevunjika na bega kukosa mhimili. Daktari anayepasua kwa nyuma hupita karibu kabisa na neva ya suprasikapula na neva ya kwapa. Upasuaji wenyewe unaweza kuzijeruhi.

Kwa neva, hatua ya kwanza mara nyingi ni kungoja huku mgonjwa akifuatiliwa. Fiziotherapia haioteshi neva. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba neva itakapofika itakuta kiungo kinachosogea; bega lisilosogezwa kwa miezi mitatu hukakamaa kiasi kwamba hata msuli ulioamka haulisogezi. Familia hufundishwa kusogeza kiwiko, kifundo na vidole vya mgonjwa kila siku, na mkono uliopooza hutegemezwa wakati wote ili uzito wake usilivute bega chini.

Pasipo dalili za kupona, upasuaji wa neva hufanywa kwa kawaida kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Neva iliyokatika inaweza kuungwa kwa kipande cha neva ya mguuni. Mzizi ukiwa umeng'oka, hutumika njia ya kuazima: neva yenye kazi ndogo huhamishwa kuendesha msuli muhimu zaidi. Tawi la neva ya ziada huunganishwa na neva ya suprasikapula ili bega liinuke. Mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin alieleza namna ya kuchukua sehemu ya neva ya kiganja ili kukunja kiwiko. Na mwaka 2003 madaktari wa Thailand, nchi nyingine yenye pikipiki nyingi, wakiongozwa na Somsak Leechavengvongs walieleza kuhamisha tawi la neva ya msuli wa nyuma ya mkono kwenda kwenye neva ya kwapa. Upasuaji huu huhitaji hadubini, uzi mwembamba kuliko unywele na mtaalamu aliyefunzwa.

Muda wa neva ukishapita, bado kuna njia: kuhamisha kano za misuli iliyo hai, au kuunganisha kiungo cha bega kiwe kigumu katika nafasi inayofaa ili mkono utumie mwendo wa kombe peke yake. Faida yake ni ndogo kuliko ya neva iliyotibiwa mapema, lakini kwa fundi anayehitaji tu kushikilia ubao kwa mkono mmoja na kupiga msumari kwa mwingine, inaweza kutosha.

## Maumivu ya neva

Mizizi iliyong'oka huacha maumivu ya kuungua au kubanwa katika mkono ambao hauna hisia kabisa. Jambo hili huwashangaza ndugu, na wengine humwona mgonjwa kuwa anazidisha. Hazidishi: ishara hutoka katika ugwe mgongo uliopoteza mizizi yake. Kwa sababu hiyo kukata mkono hakuyaondoi. Dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo. Zinazotumika zaidi ni amitriptilini, gabapentini na karbamazepini, kwa agizo la daktari. Algimantas Narakas, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Lausanne, Uswisi, alieleza mwaka 1985 kwamba takriban asilimia 70 ya majeraha ya pleksasi aliyoyaona yalitokana na ajali za barabarani, na asilimia 70 ya hizo zilikuwa za pikipiki au baiskeli. Na kati ya wenye mizizi ya chini iliyong'oka, asilimia 70 walibaki na maumivu ya kudumu.

## Kazi na fidia

Wengi wanaoumia hivi jijini ni vijana wanaoishi kwa nguvu za mikono: madereva wa bodaboda, mafundi ujenzi, makuli wa masoko ya Tandika na Kariakoo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, huhudumia walioajiriwa. Dereva anayeendesha pikipiki ya mtu kwa makubaliano ya hesabu ya kila siku mara nyingi hana ajira inayotambulika. Kinachobaki ni bima ya lazima ya chombo kilichosababisha ajali. Madai yake hupitia fomu ya polisi namba 3 (PF3), ambayo daktari hujaza baada ya kumchunguza majeruhi. Fomu inayosema tu "amevunjika bega" inaeleza jeraha linalopona ndani ya miezi miwili. Iliyoandika pia kwamba deltoidi haikazi na kiwiko hakikunjwi inaeleza ulemavu. Mgonjwa ambaye udhaifu wake umetambuliwa baadaye anahitaji taarifa mpya ya daktari ya kuambatanisha na fomu hiyo kabla shauri halijafungwa.